Mama Mkwe Hakutaka Tutaje Mimba

Mama mkwe wangu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Alikuwa akimiminiwa, anapiga mafunda mawili akiwa amesimama mlangoni, kisha anakiweka chini na kwenda kuangalia jambo: mbuzi, wingu, mtu anayepita njiani, mtoto anayelia kwa jirani. Jioni tulikuwa tukiokota vikombe vyake kila pembe ya uwanja, chai imepoa na inzi ndani.

Mimi ni mtoto wa mji. Nimekulia Nguba, karibu na ziwa, na kazi yangu ni ya ofisini. Niliolewa na kijana aliyetoka milimani, upande wa Walungu, katika kijiji ambacho gari haliwezi kukifikia, kwa hiyo mwisho wa safari ni pikipiki, au miguu kama mvua imenyesha. Kila likizo, kila msiba na kila mavuno ya maharagwe tulipanda kule. Ndivyo nilivyomjua mama wa mume wangu, kwa vipande vipande, kwa miaka mingi. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui sana, na yeye mwenyewe hakuona faida ya kuzisimulia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, aliyefunga pagne, kitenge chake cha kiunoni, juu kabisa ya kiuno kana kwamba anataka kuvuka mto. Hakutembea, alikuwa akikata njia. Ukienda naye shambani ulimwona mgongo tu. Usingizi wake ulikuwa wa kuku, na alfajiri ulipoamka ulikuta ameshafagia, ameshachota maji, ameshagombana na mtu. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "tuone kwanza." Umwambie paa linavuja, "tuone kwanza." Umwambie mbuzi ni mgonjwa, "tuone kwanza." Lakini hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa akisema tuone, huku miguu imeshaondoka.

Jambo moja alilikataa kabisa: kutaja mimba. Katika nyumba yake hapakuwa na mwanamke mwenye mimba. Palikuwa na mwanamke ambaye "haiko peke yake." Mara ya kwanza nilipobeba, nilipanda mlimani na furaha yangu, nikaitangaza uwanjani, mbele ya shemeji na majirani waliokuja kunisalimu. Mama mkwe alinishika mkono, akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Unaambia nani ile maneno?"

"Ninawaambia jamaa, mama."

"Ule mwenye kofia, unajua roho yake? Na ule mwanamuke wa kule chini, anazalaka batoto banakufa. Unamuonyesha tumbo yako juu ya nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kutoka siku ile, kila nilipotoka nje alinitupia kitenge begani, hata jua likiwa kali, ili tumbo lisionekane. Lakini yeye huyuhuyu, aliyetukataza kusema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Alikuwa akimtazama msichana akipita na ndoo, anageuka na kunong'ona, "Ule haiko peke yake." Sikumbuki akikosea.

Pale kijijini wanawake waliongea habari hizi kisimani, wakingoja ndoo zijae. Nilipokuwa mgeni walinyamaza nikifika. Baadaye walinizoea. Mmoja, mwenye meno mazuri sana na sauti ya kwaya, alisema, "Mimba haiko ugonjwa. Ukienda ku santé kila mwezi, njo unaita ugonjwa ukuye." Santé ni kituo cha afya, kiko bondeni, mbali; kwake, kwenda huko ni kuuita ugonjwa uje. Mwingine akasema, "Miye niliendaka. Munganga akanifokea mbele ya bantu, eti pagne yangu iko na matope. Nilitembea mu matope. Alitaka nifike na nini?" Na yule mkubwa wao, mama wa watoto wengi, akasema kile ambacho wengine waliogopa kukisema: "Kule bakiona unachelewa kidogo, banakutuma mu mujini, bakukate tumbo. Na mwanamuke mwenye alikatwa, nani atamupa jembe tena?"

Mama mkwe alisikiliza huku akifunga ngata yake, akatwika ndoo, akaondoka kabla mazungumzo hayajaisha. Kilimani alinigeukia. "Banasema kweli," akasema. Hatua chache mbele akageuka tena. "Banasema na bongo pia." Hakuniambia kweli ni ipi na uongo ni upi.

Kisu cha hospitali alikiogopa, lakini damu aliiogopa zaidi. Mwanamke mwenye tumbo akitokwa na damu, hata kidogo, mama mkwe hakusema tuone kwanza. Alikuwa akiita wanaume kwa sauti ya kuchana koo, na kabla hujajua, mgonjwa yuko kwenye kipoyi, ile machela ya mianzi inayobebwa mabegani, wanateremka naye. Homa pia aliiogopa. Lakini kuvimba hakukuogopa. Mwanamke akivimba miguu na uso alimsifu. "Angalia ginsi ananenepa. Mutoto anakunywa vizuri." Wenzake wote waliamini vivyo hivyo, na hawakuwa wajinga. Katika maisha yao yote mtu mnene alikuwa mtu aliyeshiba.

Hapo ndipo lilipo jambo la Nsimire.

Nsimire alikuwa mke wa shemeji yangu mdogo. Msichana mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti, mkono mdomoni. Mume wake alikuwa Kamituga anachimba dhahabu, kama vijana wengi wa kijiji, na hakuna aliyejua lini angerudi. Nsimire alikaa na mama mkwe. Walipendana kwa namna yao: yule mkubwa akigomba kutwa nzima, yule mdogo akifanya polepole vilevile.

Mwaka ule nilipanda kwa mavuno ya maharagwe, peke yangu, mume wangu akiwa amebaki mjini kazini. Nilifika asubuhi. Nsimire alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, na kwanza sikumtambua. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa nyufa. Pete ilikuwa imezama kidoleni. Alikuwa na miezi minane hivi, ya kwanza yake.

"Nsimire, uko je?"

"Kichwa, dada." Alikibana kwa mikono miwili. "Tangu jana. Na niko naona kama vile cheche za moto zinaruka mbele ya macho."

Nilikwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa akichemsha majani, moshi umemjaa.

"Mama, Nsimire ni mgonjwa."

"Ananenepa. Kichwa ni sababu ya jua."

"Huko si kunenepa. Tumpeleke santé sasa hivi, wampime damu inavyokwenda."

"Tuone kwanza. Akunywe hii."

"Anaona moto mbele ya macho, mama!"

Aliinuka kutoka kwenye moto, akanitazama. "We unajua nini? Ulizala mumoja tu, na mu mashuka meupe." Kisha akatoka nje, akazunguka nyumba, akaenda hadi njiani, akatazama bondeni kilipo kituo, akarudi. Akamgusa Nsimire paji la uso. Akaenda tena njiani. Akarudi. Sijawahi kuona mtu akipigana na nafsi yake kwa miguu vile. Mimi nilikuwa natafuta mtandao kwenye simu, naipandisha juu, naishusha. Majani yalichemka hadi yakamwagika, hakuna aliyeyaepua.

Alikuwa anarudi kutoka njiani mara nyingine Nsimire alipoanguka. Alijinyosha kama ubao, macho yakageuka meupe, kisha mwili wote ukaanza kutupwatupwa juu ya udongo. Povu lilitoka na damu. Nilipiga kelele. Watu wakaja mbio, na walipoona, wakasimama mbali. Wanawake walewale wa kisimani walirudi nyuma hatua kwa hatua, mikono vichwani.

"Sumu!" mmoja akasema. "Balimupa sumu!"

"Jana alikula viazi kwa ule wa kule chini. Nilimuona!"

Nilimwona yule mwanamke wa kule chini, ambaye watoto wake walikuwa wanakufa, amesimama kando ya migomba na jembe mkononi. Alisikia. Vijana wawili walikwisha kumgeukia.

Mama mkwe hakurudi nyuma. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti, akamlaza Nsimire kwa ubavu, akakunja pagne yake mwenyewe na kuiweka chini ya kichwa. Alibaki na sketi ya ndani mbele ya kijiji kizima. Mtikisiko ulipopungua akainua uso.

"Nani anasema sumu?"

Waliopaza sauti wakatazama chini.

"Nauliza! Mwenye anasema sumu, akuye hapa abebe kipoyi. Wewe. Na wewe. Na we mama," akamwonyesha kidole yule wa kule chini, "leta kitenge yako, tumufunike."

Yule mwanamke aliangusha jembe akaja. Vijana waliokuwa wakimkodolea macho ndio walioinua kipoyi.

Tuliteremka kwenye utelezi, wabebaji wakipokezana bila kusimama, mama mkwe akitangulia kuondoa mawe na matawi njiani. Kituoni, munganga, yaani muuguzi, alikuwa kijana. Alimpima, uso wake ukabadilika. Hakufoka. Alimpiga sindano, akasema, "Maman, hii inatupita siye. Lazima mujini, na lazima sasa." Gari la wagonjwa halikuwepo. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye camionnette, gari dogo la mizigo, iliyojaa magunia ya muhogo. Mama mkwe hakumwomba. Alipanda nyuma na kuanza kusukuma magunia chini. Yule mtu aligomba, akatazama kipoyi, akaacha kugomba, akapanda kumsaidia.

Njiani Nsimire alishikwa tena. Nilimshika kichwa, mama mkwe alishika miguu, gari likituruka mashimoni. Mbele palikuwa na kizuizi cha kamba, na askari aliyetaka kila mtu ashuke aonyeshe karatasi. Mama mkwe alisimama juu ya gari, nywele wazi, sketi ya ndani imejaa matope.

"Commandant, fungula! Hii haiko muzigo! Hii ni mutoto ya mutu!"

Yule askari alichungulia ndani. Akaishusha kamba mwenyewe.

Hospitalini walitupokea haraka. Mume wangu, niliyekuwa nimempigia njiani mtandao uliporudi, alitukuta mlangoni. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alitoka akatuambia kwa maneno machache: damu inapanda sana, ugonjwa huu hauishi mpaka mtoto atoke, na mtoto hatatoka kwa njia yake. Lazima apasuliwe.

"Bwana yake iko wapi?"

"Mu shimo, Kamituga," mama mkwe akajibu. "Simu haipite."

"Nani anakubali kwa jina lake?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe mkubwa. Mume wangu ni mtu mwema, lakini alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Alisema, "Ni mke wa ndugu yangu. Tungoje kidogo. Nitajaribu tena kumpigia. Akija akute nimekubali akatwe, atasema nini?"

"Ungoje nini?" Mama mkwe alimsogelea hadi akawa chini ya kidevu chake. "Unasikia ginsi anapumua kule ndani? Ungoje nini?" Akamgeukia daktari, akanyosha kidole gumba. "Lete wino. Leo bwana yake ni miye."

Mtu aliyeogopa kisu kuliko wote niliowajua alibonyeza kidole, akajifuta kwenye sketi, akaanza kuzunguka ule uwanja wa hospitali. Alizunguka muda wote wa upasuaji. Walinzi walimwambia aketi. Aliwaambia waketi wao.

Mtoto alikuwa msichana, mdogo kama njiwa. Aliishi hadi mchana wa kesho yake. Nsimire alibaki. Alipofumbua macho hakukumbuka chochote, si kuanguka, si gari, si kizuizi. Aliuliza mtoto yuko wapi, na mama mkwe ndiye aliyemwambia, bila kuzungusha: "Alikwenda. We uko. Kunywa." Akampa yai la kuchemsha. Mimi nilipokuwa kwenye hali ile alinikataza mayai kabisa, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Nilimkumbusha. "Yako ilikuwa ya kuzala," akasema. "Hii ni ya kupona." Sikuona tofauti, lakini sikubishana.

Shemeji alifika baada ya siku kadhaa, na udongo wa Kamituga bado kwenye viatu. Alikuwa ameshasikia habari kwa watu njiani, na watu walikuwa wamemsimulia wapendavyo. Aliingia wadini anapaza sauti. "Nani alikubali bakate bibi yangu?"

Wagonjwa wote waligeuka. Mama mkwe alikuwa anakunja mashuka. Hakuyaweka chini.

"Miye."

"Juu ya nini haukuningojea?"

"Ungekuta maiti mbili. Sasa unakuta mutu moja. Kama unataka kupiga, piga. Niko hapa."

Alisimama na mashuka yake kifuani. Shemeji alimtazama, akamtazama Nsimire, akaanguka kwenye kiti cha karibu na kulia kwa sauti, kijana mkubwa wa mgodini, mbele ya akina mama kumi waliojifungua. Mama mkwe aliweka mashuka kitandani, akatoka kutafuta maji ya moto.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hayo alibadilika. Alibadilika miguu, mdomo ukabaki palepale. Aliporudi kijijini, mwanamke yeyote aliyevimba uso au kulalamika kichwa alipelekwa bondeni siku ileile, na yeye ndiye aliyemsindikiza. Lakini hakutaja mimba. Alimtwika mgonjwa kikapu kitupu, naye akatwika chake, ili watu wadhani wanakwenda sokoni. Soko lilikuwa upande mwingine kabisa na kila mtu alijua. Alichukua pia beseni na maji, na kabla ya kufika mlangoni kwa munganga alimwosha mgonjwa miguu na pindo la pagne. "Leo akufokee juu ya nini?" alikuwa akisema. Na majani yake hakuyaacha. Alichemsha kama zamani, mwanamke akayanywa, kisha wakateremka. Yule kijana wa kituoni alimwomba aache, wakagombana kila mara, na kila mara aliporudi alimbebea ndizi.

Mwanamke wa kule chini alianza kufuatana naye. Sikuwahi kumsikia mama mkwe akimwomba radhi kwa yale aliyokuwa akiyasema juu yake zamani. Niliwaona tu wakilima shamba moja.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda ilikuwa hapa kwangu, Nguba. Macho yalikuwa yamemsumbua, mume wangu akamshusha aje kutibiwa. Mji wenyewe siku hizo haukuwa umetulia. Watu walifunga maduka mapema, wakinong'ona mbele ya milango, na kila pikipiki iliyopasua sauti ilitufanya tuinue vichwa. Mchana mmoja nilikuwa nachagua maharagwe uani. Alikuja akasimama karibu yangu.

"Ule ugonjwa ya Nsimire," akasema. "Banganga banaipa jina gani?"

"Eclampsie, mama."

"Ekelamisi."

"Eclampsie. Damu inapanda, mtu anavimba, kichwa kinauma, anaona moto. Asipotibiwa, anaanguka na kutupwatupwa."

"Haitokane na mutu?"

"Haitokani na mtu."

"Haitokane na kitu ulikosa? Na kitu ulikuya nayo kutoka kwenu?"

"Hapana, mama. Inawashika wengi. Hata hapa mjini, hata wake za madaktari."

Aligeukia ziwa. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Miye pia ilinishika," akasema. "Mutoto ya kwanza. Mbele ya kuzala bwana yako. Bwana yako hajui."

Niliacha maharagwe.

"Bote balikimbia. Mama ya bwana yangu alisema nilikuya na shetani kutoka kwetu, nitamaliza batoto ya nyumba. Balinipeleka mu nyumba ya mbuzi. Nilipoamuka, ulimi ilikuwa imekatika na meno yangu, na tumbo ilikuwa bule, hamuna mutoto. Hakuna mwenye aliniambia balimuzika wapi. Niliuliza. Ule mama aliniambia, usiulize kitu uliua mwenyewe."

Alisema hayo bila kulia, akitazama ziwa. "Kila mutoto nilizala kisha, nilikuwa naogopa. Si kuogopa kufa. Nilikuwa naogopa bantu bataona ni miye."

"Haikuwa wewe, mama. Ilikuwa ugonjwa."

"Ugonjwa tu."

"Ugonjwa tu."

Alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa, kama mtu anayesikia hesabu ikisomwa na kukuta inakubali. Kisha akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu, na macho yale mabovu yakanikazia.

"Sema tena jina. Polepole. Mama ya bwana yangu nitamukuta kule tunaenda bote, na siku ile nataka nimuambie bila kukosea."

Nikasema. Akarudia, akakosea. Nikamsahihisha. Akarudia tena, midomo ikitafuta kila kipande, na sisi wawili tukaendelea hivyo pale uani, hadi neno likatoka zima.